Mwenzi Wako Ameshaiona Mengo?

Wapendwa wanandoa, hebu tuanze na swali dogo. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlipanda gari moja, mkaketi kiti kimoja, mkasafiri mbali, na wala hamkuwa mnakwenda matangani?

Wengi wetu hapa Migori na Homa Bay tutakuna kichwa. Tunasafiri, naam. Baba huenda Kisumu, Nairobi, na hata Kampala kwa shughuli zake. Mama huenda sokoni, huenda kwao kuuguza, huenda mikutano ya akina mama parokiani. Lakini safari ya mume na mke pamoja karibu kila mara ni ya matanga, na huko nako wakifika hutengana: baba huketi chini ya mti na wanaume wenzake, mama huingia jikoni kwenye moshi. Hurudi nyumbani wakiwa wamechoka, fedha zimekwisha, na hawajasemezana neno la maana tangu walipofunga mlango.

Katika ukurasa huu tutazungumza juu ya safari ya namna nyingine. Kila mwaka, tarehe 3 Juni ikikaribia, waamini wengi wa Kenya huvuka mpaka pale Busia kwenda kuhiji Namugongo, mahali walipochomwa moto Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Hija hiyo ni njema. Shauri letu ni kwamba siku mojawapo muende ninyi kama familia, baba, mama na watoto, na muongeze siku moja zaidi ya kuitembelea Mengo, penye jumba la kifalme la Kabaka wa Buganda. Wale vijana wa Namugongo hawakutoka porini. Walitoka ndani ya nyumba ya mfalme. Huwezi kuelewa sawasawa kwa nini walikufa usipoitazama nyumba waliyotumikia.

Wapo watakaosema kwamba kutembea na familia ni mambo ya matajiri. Je, Yusufu na Maria walikuwa matajiri? Mwinjili Luka anatuambia walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, tena kwa miguu. Na tusisahau yaliyowapata Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yuko katika msafara, kati ya ndugu na marafiki. Kumbe hayuko! Pengine Yusufu alidhani yuko na Maria, na Maria akadhani yuko na Yusufu. Ikiwa jambo hilo liliwapata wao, sisi ni nani? Basi kabla hamjapanda gari, semeni kwa maneno, wala msidhani tu: huyu mkubwa yuko mikononi mwa baba, huyu mdogo yuko mikononi mwa mama. Namugongo hufurika watu siku ile, na Kampala ni mji wenye haraka. Andikeni jina la mtoto na namba ya simu kwenye karatasi, mtieni mfukoni.

Fedha itoke wapi, na nani ajue?

Hapa ndipo penye mzizi wa somo letu, kwa hiyo tusiharakishe.

Kutoka Migori kupitia Kisii na Kisumu hadi Busia, kisha Jinja, hata Kampala, ni zaidi ya kilometa 400. Mtu wa Homa Bay hupunguza kidogo tu. Si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Kuna nauli ya watu wazima na watoto, kuna malazi ya siku mbili au tatu, chakula, kiingilio cha jumba, usafiri wa ndani ya mji, na akiba ya dharura, maana mtoto huugua palepale usipotarajia. Watu wazima wanahitaji kitambulisho au pasipoti. Kwa watoto, ulizeni mapema ofisi ya uhamiaji karatasi zinazotakiwa, na vyeti vyao vya kuzaliwa viwe tayari. Kila mmoja awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Baba asiyejua cheti cha mwanawe kinawekwa wapi ndani ya nyumba, hii ndiyo nafasi yake ya kujua.

Fedha hizo hazipatikani kwa wiki moja. Zinahitaji kuwekwa kidogo kidogo, mwezi hata mwezi, na haziwezi kuwekwa vizuri ikiwa mmoja hajui mwenzake anapata nini. Na hilo, ndugu zangu, ni donda katika nyumba nyingi. Mkulima wa miwa wa Awendo hulipwa, na mke husikia habari hizo kwa majirani. Kijana anayechimba dhahabu Macalder hupata leo, kesho hana, na nyumbani hujulikana siku asizokuwa nazo tu. Kule Mbita na Sindo mama huuza omena, akaweka kiasi kwenye chama, na jina la chama hicho mume halijui. Mwalimu wa Rongo huwa na mkopo ambao mkewe ataujua siku mshahara utakapokuja nusu.

Kila mmoja ana sababu yake. Mume atakuambia, mwanamke akijua una fedha, ndugu zake wote watakuja. Mke atakuambia, mwanamume akijua nina fedha, hatanunua tena hata chumvi. Sababu hizi si za uongo kabisa, na mwandishi hatawadharau wanaozisema. Lakini nyumba yenye mifuko miwili iliyofungwa haiwezi kupanga safari hata ya kwenda Kendu Bay, seuze Kampala.

Basi chukueni daftari la kawaida la shule. Ketini jioni moja watoto wakisha lala. Msianze na mapato, mtagombana. Anzeni na safari. Andikeni gharama moja moja, mkadirie. Halafu kila mmoja aseme, bila kuulizwa: mimi kwa mwezi naweza kutoa hiki. Kama mume anasema mia tano na mke anajua anaweza elfu mbili, asimrukie palepale. Aandike mia tano. Mwezi wa tatu au wa nne daftari likiwa linajaa, mtu mwenyewe huona haya au huona furaha, akaongeza. Tumeona wanandoa ambao hawakuwahi kuambiana mshahara kwa miaka kumi wakafika kuambiana kwa sababu ya kiingilio cha watoto.

Juu ya wakati wa kwenda: tarehe 3 Juni huangukia katikati ya muhula, kwa hiyo familia nyingi hazitaweza kuwachukua wanafunzi. Likizo ya Agosti ni nzuri zaidi, mahindi ya mvua ndefu yakiwa yamevunwa. Ila jihadharini, mara tu baada ya likizo hiyo karo ya muhula wa tatu inadaiwa. Fedha ya karo iwekwe kando kwanza, isiguswe. Na matanga je? Hayana ratiba. Kubalianeni mapema kwamba mchango wa matanga utatoka fungu jingine, hata uwe mdogo, na ndugu wakinung'unika mtakuwa mmenung'unikiwa wote wawili pamoja. Hilo nalo ni zuri kwa ndoa.

Katika ua wa Kabaka

Haya, mmefika Kampala, mmelala, mmeamka. Kama ni Jumapili, mnaweza kusali kwanza Kanisa Kuu la Rubaga, kwa maana kilima cha Rubaga na kilima cha Mengo ni majirani. Kisha shukeni Mengo.

Waganda huuita ua wa mfalme Lubiri. Neno hilo halimaanishi jumba peke yake bali boma zima, pamoja na uzio na malango yake. Lango kuu huitwa Wankaaki. Mjaluo akifika hapo hatashangaa sana, kwa sababu naye amekulia katika dala, na anajua kwamba boma husema habari za watu wake kabla hata hujawakuta. Katika dala nyumba ya mke wa kwanza huelekea lango, na simba za vijana hukaa karibu na lango hilo. Waelezeni watoto wenu mambo hayo mkiwa mmesimama pale, maana wengine wamezaliwa katika nyumba za kupanga mjini Migori na hawajui lango la babu yao lilielekea wapi.

Kabaka Mwanga wa Pili ndiye aliyeiweka Lubiri yake juu ya kilima hiki mwaka 1885. Jumba jeupe mnaloliona leo huitwa Twekobe, na ni la baadaye, la mwaka 1922, wakati wa Kabaka Daudi Chwa. Kwa kawaida wageni huliona kwa nje tu. Msikate tamaa kwa hilo, yapo mengi ya kuona na kusikia uani. Mchukueni mtembeza wageni wa palepale, msikilizeni, na mumwache mama naye aulize maswali. Baadhi ya akina baba wakishalipa hujiona wao ndio wameajiri kinywa cha mtembeza wageni.

Mwanga alirithi kiti mwaka 1884, baba yake Mutesa wa Kwanza alipofariki. Alikuwa kijana wa miaka kama 16. Fikirini kidogo: kijana wa umri wa kidato cha tatu anapewa nchi, majeshi, wake, na mamia ya watumishi, na neno lake ni uhai au kifo. Pande zote alikuwa na watu wanaomvuta, Waarabu, Waingereza, Wafaransa, na machifu wake mwenyewe. Tusimhukumu kwa wepesi kana kwamba sisi tungefanya vizuri kuliko yeye. Lakini jambo moja lilikosekana katika nyumba yake, nalo ni mtu wa kumwambia ukweli akabaki hai.

Alikuwepo mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa jumbani, Mkatoliki. Oktoba 1885 Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga. Mukasa alimkemea bwana wake kwa tendo hilo, na pia aliwalinda vijana wadogo wasitumiwe kwa uchafu. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo Mukasa aliuawa. Nafasi yake ya kuwatunza vijana ikachukuliwa na Karoli Lwanga.

Miezi michache baadaye, mfalme alikuwa amehamia Munyonyo, kando ya ziwa. Mwisho wa Mei 1886 alirudi kutoka kuwinda viboko asiwakute watumishi wake, akawaka hasira. Usiku ule Karoli Lwanga aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Mwonyesheni mtoto wenu wa Gredi ya 8, mwambieni, alikuwa kama wewe. Siku iliyofuata walihukumiwa, wakatembezwa kwa miguu hadi Namugongo.

Kuna habari moja ambayo wazazi waisikie vizuri. Miongoni mwa vijana wale alikuwamo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa nyumbani kwa Mukaajanga, mkubwa wa wanyongaji. Mukaajanga alimsihi sana mtoto wake aseme tu neno moja la kukana, au akubali kufichwa. Mtoto alikataa. Basi baba akaamuru apigwe rungu afe kwanza, asisikie moto. Huyu mzazi alimpenda mwanawe, hakuna shaka. Lakini katika nyumba ile kubwa hakuthubutu kumwambia mkubwa wake neno moja: hapana. Watoto wakiuliza, "Kwa nini baba yake hakumwokoa?" msiwakatize. Ni swali zuri kuliko yote mtakayosikia siku hiyo.

Wapo pia mashahidi waliokuwa na wake, na mara nyingi tunawasahau kwa sababu picha hutuonyesha vijana tu. Matia Mulumba alikuwa mtu mzima, mwenye cheo. Alipoingia dini aliwaacha wake wengine baada ya kuwatengenezea maisha yao, akabaki na mmoja. Alikufa kifo cha polepole na cha kutisha pale Old Kampala mwishoni mwa Mei 1886. Mume anayesema dini ni ya wanawake na watoto, asimame kidogo kwa habari za Matia.

Ziwa lisilofika popote

Si mbali na Lubiri kuna ziwa dogo liitwalo Ziwa la Kabaka. Si la asili. Mwanga aliamuru lichimbwe kwa mikono ya watu katika miaka ya 1880, na inasimuliwa kwamba alitaka kuliunganisha kwa mfereji na Ziwa Viktoria, ili siku ya hatari apande mtumbwi atoroke. Mfereji haukufika. Mwaka 1888 aliondolewa kwenye kiti, akakirudia mwaka 1889, na mwaka 1897 alipowaasi Waingereza aliondolewa tena. Alipelekwa visiwa vya Shelisheli, akafia huko mwaka 1903.

Tazameni jambo hili. Mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga ndani ya nyumba yake, ndiye huyohuyo aliyekuwa akichimba njia ya kuikimbia. Ukiogopwa na wote, nawe unawaogopa wote.

Tunashauri familia ipumzike hapo kando ya ziwa. Watoto wale, wacheze. Ninyi wawili ketini kando kidogo, na mmoja amwulize mwenzake kwa upole: "Mama watoto, je, kuna mfereji ninaochimba ambao hujaambiwa?" Mifereji yetu tunaijua. Kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la kaka. Chama kisichotajwa. Mkopo wa simu unaolipwa kwa siri. Nyumba ya pili mjini, ambayo kijiji chote kinaijua isipokuwa mwenye kuumizwa. Msitarajie kusema yote siku moja. Mmoja akisema jambo dogo la kweli, mwingine asilitumie kama rungu jioni hotelini. Na asianze kulia kwa sauti mbele ya watoto. Aseme tu, "Asante kwa kuniambia," hata kama moyo unamchemka. Kuchemka kutapungua mkifika Busia.

Lakini hapa lazima tutofautishe. Yuko mke anayeficha shilingi mia mbili zake ndani ya gunia la mtama kwa sababu mume akiziona atazinywa, au atampiga. Huyo hachimbi mfereji wa kuikimbia ndoa, anachimba kisima watoto wapate maji. Tusimwambie ajifunue leo mbele ya mtu anayempiga. Katika nyumba ya namna hiyo anayetakiwa kusema kwanza ni yule anayeogopwa, na aanze kwa kuacha kupiga. Mama kama huyo aende kwa katekista au padre anayemwamini, au kwa wazee wenye busara, na panapo hatari aende polisi bila kuona haya. Sakramenti ya ndoa haikuwekwa ili mtu auawe kimyakimya.

Mambo ya kuangalia mkiwa njiani

Ndani ya Lubiri kuna mahali pa giza. Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote, chini ya Idi Amin, yaliivamia Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akatoroka, akafa London mwaka 1969. Majeshi yakakaa humo miaka mingi. Wakati wa utawala wa Amin, vyumba vya chini ya ardhi vya kuwekea silaha viligeuzwa jela ya mateso, na watu wengi walikufa humo, wengine kwa maji yaliyotiwa umeme. Wageni huonyeshwa. Je, watoto waingie? Sisi tunaona mtoto wa chini ya miaka kumi asiingie. Amueni hilo usiku uliotangulia, si mlangoni. Na atakayebaki nje na wadogo asiwe mama kila mara. Baba akabaki, mama akaingia na mkubwa, hakuna sheria itakayovunjika.

Baada ya hapo barabara iendayo Bulange, penye bunge la Buganda, itawachangamsha. Inaitwa Kabakanjagala, yaani Kabaka ananipenda. Katikati yake kuna mzunguko wenye lango ambalo Kabaka peke yake hupita moja kwa moja, watu wengine wote huzunguka. Watoto hulipenda sana jambo hilo. Msishangae mkirudi nyumbani mkamkuta mdogo anazunguka meza na kumwachia baba apite katikati, na pengine wote mkacheka, na pengine baba hatacheka sana.

Mkiwa na nguvu bado, makaburi ya wafalme ya Kasubi hayako mbali. Palikuwa jumba la Mutesa wa Kwanza, lililojengwa mwaka 1882, na alipokufa mwaka 1884 akazikwa humohumo. Mwanga naye, mifupa yake ilipoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1910, alizikwa hapo, kisha Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba kubwa ya nyasi iliungua Machi 2010 na kujengwa upya kwa kazi ya miaka mingi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ulizeni kwanza kama wageni wanapokelewa siku hiyo. Ni mahali pa heshima: viatu huvuliwa, na akina mama na mabinti wawe na leso za kujifunga kiunoni. Mke na mume wenye imani moja na mila mbalimbali watakuwa na la kuzungumza wakiona jinsi jamaa za wafu wanavyokaa kulitunza kaburi kwa zamu, kizazi baada ya kizazi. Huku kwetu maneno ya kaburi, nani alale upande gani wa nyumba, yamevunja undugu wa watu wengi. Ni bora kuyazungumza mkiwa wazima.

Mengine ni madogo lakini ndiyo yanayoharibu safari. Mwendo uwe wa yule aliyechoka kuliko wote. Mume anayetangulia hatua hamsini mbele amesafiri peke yake. Chapati za njiani zisimfanye mama aamke saa tisa usiku pekee yake, kuna mikono mingine nyumbani. Picha zisiwe zote za baba mbele ya lango, na mama akaonekana pembeni akishika mikoba. Shilingi za Uganda zishikwe na wote wawili, ili mmoja asigeuke ombaomba wa soda. Mkigombana, na mtagombana, gombaneni kwa sauti ndogo na kwa jambo la leo tu. Ya mwaka juzi yaacheni Migori.

Na ambao hawataweza kwenda? Wapo, tena wengi, na si aibu. Karibu nasi, humu humu Migori, kuna Thimlich Ohinga, kama kilometa 46 kutoka mjini, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, la tangu karne ya 16, kuta nyingine zikizidi urefu wa mtu mrefu mara mbili. Mwaka 2018 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo hapakuwa na mfalme. Palikuwa na familia zilizokaa pamoja, ng'ombe wao ndani, adui nje, na jiwe moja likibebwa na jiwe jingine. Nauli yake ni ndogo, na daftari lilelile litafaa.

Maswali ya kuzungumza wawili, kabla ya kuyapeleka kwenye jumuiya

Katika nyumba yenu, ni jambo gani ambalo kila mtu analijua lakini hakuna anayethubutu kumwambia mkubwa wa nyumba? Nani alijaribu kulisema, na alipata nini?

Mkiandika leo katika daftari gharama ya safari, ni mstari upi utakaowafanya mnyamaze?

Na mtoto wenu mdogo akiulizwa na mgeni ni nani huamua mambo nyumbani kwenu, angejibu nini? Mwulizeni kweli, na msimfundishe jibu kwanza.